KPU ya 1966–1969: chama cha wasio na ardhi, au kambi ya viongozi waliotoka KANU?

Msomi wa Jioni ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Nimekuwa nikifuatilia vyama vilivyomeguka kutoka vyama tawala katika miaka ya mwanzo ya uhuru wa Afrika Mashariki, na kimoja kinanitatiza kuliko vingine: Kenya People's Union, maarufu KPU, kilichomeguka kutoka KANU, chama tawala cha Kenya, kikaongozwa na Jaramogi Oginga Odinga akiwa na Bildad Kaggia kama makamu wake, kikaanza mwaka 1966 na kupigwa marufuku Oktoba 1969. Maisha yake hayakufika hata miaka minne.

Kinachonitatiza ni hiki. Dai kubwa la chama hicho lilihusu ardhi: kwamba mashamba yaliyokuwa ya walowezi yagawiwe bure kwa wenye dhiki kubwa zaidi, wakiwemo maskwota, yaani walioishi na kufanya kazi katika mashamba ya walowezi bila kuyamiliki, na wale waliopoteza ardhi yao wakati wa mapambano ya kupigania uhuru. Mtu angetarajia dai kama hilo liwashe moto Murang'a, Nyeri, Nyandarua na Nakuru, yaani kule ambako njaa ya ardhi ilikuwa kali na ambako Mau Mau ilipata wapiganaji wake. Matokeo yalikuwa kinyume: KPU ilipata nguvu Nyanza ya Kati, ambako walowezi walichukua ardhi kidogo, na ikashindwa kule kwenye wasio na ardhi wengi. Kaggia mwenyewe alishindwa katika jimbo lake la Kandara, Murang'a.

Wengine hunijibu kwamba hilo linathibitisha kuwa sera ya ardhi ilikuwa pambo tu, na kwamba kiini cha chama kilikuwa ugomvi wa madaraka. Wengine husema chama kilinyimwa nafasi ya kujaribiwa. Ningependa kusikia kutoka kwa wanaoifahamu historia hii kwa undani, na ningeomba tusiigeuze kuwa mabishano ya makabila.

---

Karani wa Zamani:

Ndugu Msomi, swali lako ni zuri, ila ukianza kuhesabu mwaka 1966 utapotea njia. Mgogoro wa ardhi ndani ya KANU una umri mkubwa kuliko KPU, na ulianza wakati ambapo Odinga na Mzee Kenyatta walikuwa bado wanaelewana.

Kabla tu ya uhuru, serikali ya kikoloni na viongozi wa Kenya walikubaliana juu ya mpango wa kununua takriban ekari milioni moja kutoka kwa walowezi na kuzigawa kwa familia za Kiafrika zipatazo elfu thelathini na tano. Fedha zilitoka hasa Uingereza, nyingine Benki ya Dunia, na sehemu kubwa ilikuwa mkopo. Aliyepewa ploti katika skimu, yaani mradi huo wa makazi, alibeba deni la bei ya ardhi hiyo na kutakiwa kulilipa kwa miaka mingi, pamoja na mkopo wa mifugo na pembejeo. Ikumbukwe kwamba ardhi iliyotengewa Wazungu katika nyanda za juu ilizidi ekari milioni saba. Sehemu kubwa ya iliyobaki iliuzwa kama mashamba makubwa yasiyogawanywa, na walioweza kuyanunua walikuwa wenye mishahara, wenye kukopesheka na wenye kujuana na wakubwa.

Hapo ndipo Kaggia aliposimama. Alikuwa mmoja wa wale sita wa Kapenguria, waliohukumiwa na mkoloni kwa madai ya kuongoza Mau Mau, pamoja na Kenyatta, Paul Ngei, Fred Kubai, Kung'u Karumba na Achieng Oneko, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwita mgeni katika harakati. Baada ya uhuru alikuwa mbunge wa Kandara na naibu wa waziri katika Wizara ya Elimu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na nzito kuijibu: ardhi ilichukuliwa kwa nguvu, hivyo hakuna haki katika kumtaka aliyenyang'anywa ainunue tena, tena kwa deni. Alilalamikia pia ujumlishaji wa vishamba na utoaji wa hati miliki uliofanywa katika Mkoa wa Kati miaka ya 1950, kufuatia mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakati maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini na hawakuwepo kutetea mipaka yao. Aliposhikilia msimamo huo alitakiwa achague kati ya wadhifa na maneno yake, na katikati ya 1964 akaacha wadhifa. Wakati huo hakuna aliyekuwa akizungumzia chama kipya.

Mwaka uliofuata, Kenyatta alikwenda Kandara kwenyewe na kumsuta Kaggia hadharani, akimlinganisha na wenzake wa gerezani waliokwisha kujipatia mashamba na biashara, na kumuuliza yeye amejifanyia nini. Naliona tukio hilo kuwa na uzito kuliko hotuba nyingi za bungeni, kwa sababu linaonyesha kipimo kipya cha kiongozi kilichokuwa kinajengwa: asiyejitajirisha alionekana mvivu, na anayedai ardhi ya bure alionekana anafundisha watu uvivu. Mwaka huohuo wa 1965, serikali ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, ulioandaliwa chini ya Tom Mboya, Waziri wa Mipango ya Uchumi. Jina lilikuwa la ujamaa, lakini ndani yake mali binafsi ililindwa na kutaifisha kukawekewa masharti mengi. Mrengo wa Odinga na Kaggia ulikuwa umekwisha kushindwa kwa hoja na kwa idadi kabla ya kutoka chamani.

Kwa hiyo kusema ardhi ilikuwa pambo si sahihi. Kwa Kaggia ilikuwa jambo lenyewe, na aliligharimia.

---

Mtazamo wa Pili:

Nakubaliana na Karani kuhusu Kaggia, lakini Kaggia si KPU yote. Tukisema kweli, kilichowatoa watu KANU Machi na Aprili 1966 hakikuwa skimu za makazi. Kilikuwa mkutano wa KANU wa Limuru.

Katika mkutano huo nafasi ya makamu mmoja wa rais wa chama, ambayo ilikuwa ya Odinga, ilifutwa na badala yake zikawekwa nafasi nane, moja kwa kila mkoa na moja kwa Nairobi. Kila mtu alielewa shabaha. Mpangaji mkuu alikuwa Mboya, na kura ziliendeshwa kwa namna ambayo hata Kaggia, aliyeibuka mshindi wa nafasi ya Mkoa wa Kati, alikuta uchaguzi unarudiwa na James Gichuru anapita. Odinga alijiuzulu umakamu wa rais wa nchi tarehe 14 Aprili 1966. Oneko, aliyekuwa Waziri wa Habari, akamfuata. Wabunge na maseneta wapatao thelathini wakatangaza kuihama KANU, na wengi wao walikuwa na manung'uniko ya kila namna: huyu hakupewa uwaziri, yule ana ugomvi na mkuu wa chama wilayani kwake, mwingine ana urafiki wa dhati na Jaramogi. Walipoona gharama ya kuhama, baadhi walitaka kurudi.

Odinga mwenyewe hakuwa mkulima mdogo wala skwota. Alijijenga kupitia shirika la biashara la Waluo lililoanzishwa miaka ya 1940, akiamini kwamba Mwafrika lazima ajitegemee kiuchumi. Alikuwa mjamaa kwa msimamo wa nje na kwa huruma yake kwa wanyonge, lakini mpango kamili wa kilimo ulikuwa kazi ya akina Kaggia. Ndiyo maana nasita kukiita chama cha wakulima. Kilikuwa muungano wa watu walioshindwa ndani ya KANU kwa sababu mbalimbali, na ardhi ndiyo lugha iliyowaunganisha vizuri zaidi. Halafu kulikuwa na vita baridi: Odinga alihesabiwa kuwa mtu wa Moscow na Beijing, na kila alichosema kuhusu mashamba kilisikika Nairobi kama ukomunisti.

---

Wakili wa Mtaa:

Ningependa kuongeza upande wa sheria, kwa sababu bila huo swali la nani aliipigia KPU kura halina maana kubwa.

Mwishoni mwa Aprili 1966, kwa haraka isiyo ya kawaida, Katiba ilibadilishwa ili mbunge anayeihama chama kilichompeleka bungeni apoteze kiti na kurudi kwa wapiga kura. Wabunge wa KADU, chama cha upinzani, walipoingia KANU Novemba 1964 hakuna aliyetakiwa kufanya hivyo. Sheria ilikuja pale tu ambapo watu walikuwa wanatoka KANU badala ya kuingia. Ndipo ukafanyika ule uchaguzi mdogo wa Juni 1966, viti 29, kumi na tisa vya Baraza la Wawakilishi na kumi vya Seneti. KPU ilipata saba vya Baraza na viwili vya Seneti. Jambo ambalo wengi hawalitaji ni kwamba ukijumlisha kura zote, KPU ilipata nyingi kuliko KANU. Zilirundikana Nyanza ya Kati, ambako ilishinda kwa tofauti kubwa sana, wakati KANU ilishinda viti vingi kwa tofauti ndogo na kwa wapiga kura wachache waliojitokeza.

Kampeni yenyewe haikuwa ya usawa. Kila mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha mkuu wa wilaya, na KPU ilinyimwa vibali mara kwa mara. Redio ilikuwa ya serikali. Mwezi huohuo wa Juni sheria ya kuhifadhi usalama wa umma iliipa serikali uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumshtaki, na ilitumika dhidi ya watendaji wa chama kabla mwaka haujaisha. Mwaka 1968, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wa KPU wapatao 1,800 waliondolewa kwa maelezo kwamba fomu zao hazikujazwa ipasavyo. Fomu za KANU, yaelekea, zilijazwa na wasomi watupu. Katiba ilibadilishwa tena mwaka huo ili asiwepo mgombea asiyedhaminiwa na chama, na Kaggia akafungwa kwa kuhutubia mkutano usio na kibali.

Mtu akisema kwamba wakulima wa Murang'a waliikataa KPU, inafaa aulizwe kwanza ni mikutano mingapi ya KPU iliruhusiwa Murang'a.

---

Msomi wa Jioni:

Nawashukuru. Hoja ya Wakili ina nguvu, lakini bado haijajibu yote, kwa kuwa vizuizi hivyohivyo vilikuwepo Nyanza na KPU ikashinda. Mnamo Mei 1969, katika uchaguzi mdogo wa Gem, jimbo la Nyanza, Wasonga Sijeyo wa KPU alimshinda Wilson Ndolo Ayah wa KANU bila wasiwasi. Kwa nini vizuizi vilifua dafu Kandara na Nakuru lakini si Gem? Pia ningependa kujua: waliposema ardhi itolewe bure, walikusudia nani alipe? Au walikusudia kunyang'anya?

---

Karani wa Zamani:

Nianze na la pili. Msimamo wa Kaggia ulikuwa kwamba hakuna fidia inayostahili kulipwa na Mwafrika kwa ardhi iliyoibiwa, na kwamba ikiwa Uingereza inaona raia wake wanastahili kulipwa, basi iwalipe yenyewe. Alipendelea mashamba makubwa yaendeshwe kwa ushirika badala ya kukatwakatwa vipande ambavyo havimtoshi mtu kulipa deni na kula. Serikali ilijibu kwamba kunyang'anya kungefukuza mitaji, kungeangusha uzalishaji wa mazao ya kuuzwa nje na kungetisha hata Waafrika wenye hati. Jibu hilo halikuwa la kipuuzi. Ila lilificha jambo moja: wakati maskini akiambiwa hakuna cha bure, wakubwa walikuwa wanapata mashamba kwa mikopo ya serikali ambayo wengi hawakuwa na haraka ya kuilipa.

Sasa la kwanza, ambalo ndilo gumu. Mimi naona lazima tuutazame Mkoa wa Kati jinsi ulivyokuwa mwaka 1966, si jinsi ulivyokuwa 1952. Katikati hapo palitokea mambo matatu. Waliopata hati miliki walianza kupanda kahawa na chai, mazao ambayo mkoloni aliwazuia kwa muda mrefu, na mtu huyo hakutaka kusikia habari ya kufungua upya suala la mipaka, kwa sababu jirani aliyetoka kizuizini angeweza kuidai sehemu ya shamba lake. Aliyepata ploti katika skimu, hata kama ana deni, alikuwa na cha kupoteza. Na asiyepata kitu aliendelea kuwa na tumaini la kupata, na njia ya kupata ilipitia kwa mkuu wa wilaya, chifu na mtu wa KANU. Kujiunga na KPU kulikuwa kujiondoa kwenye foleni. Nakuru, ambako Oneko alishindwa, foleni hiyo ndiyo ilikuwa siasa yenyewe: maskwota na vyama vya kununua mashamba walihitaji baraka za serikali kila hatua.

Waluo wa Nyanza hawakuwa kwenye foleni hiyo kwa kiwango hicho. Serikali haikuwa na kikubwa cha kuwapa wala kuwanyima kwa upande wa ardhi, na mtu wao mkubwa alikuwa amedhalilishwa mbele ya macho yao. Ndiyo maana chama cha ardhi kilipata kura pale ambapo ardhi haikuwa rushwa.

Kuna jambo jingine pia. Wakosoaji wengine wa ugawaji wa ardhi katika Mkoa wa Kati hawakumfuata Kaggia. J. M. Kariuki, aliyekuja kuwa sauti kali zaidi juu ya tofauti kati ya matajiri na maskini, alibaki KANU mwaka 1966 na akasemea humohumo hadi alipouawa Machi 1975. Huenda alihesabu kwamba nje hakuna uhai. Kwa hesabu za wakati ule hakukosea, ingawa ndani pia hakukumwokoa.

---

Jirani wa Muhoroni:

Karani ameeleza vizuri, lakini hii habari kwamba Nyanza haikupoteza ardhi inarudiwa mno na naomba niisahihishe. Ukanda wa Miwani, Muhoroni, Koru na Songhor ulikuwa mikononi mwa walowezi na makampuni ya miwa, na baada ya uhuru kulikuwa na skimu za makazi huko, na migogoro yake juu ya nani ana haki ya kupewa. Kwa hiyo mkulima wa Nyanza alijua vizuri KPU inazungumza nini iliposema habari ya deni la ploti. Tena ujumlishaji wa vishamba haukupokewa kwa furaha Nyanza. Wengi waliuona kama njia ya kuwaingiza kwenye hati na madeni, na ulikwenda polepole kuliko Mkoa wa Kati. Hofu ya ardhi ilikuwepo, ila ilikuwa ya namna nyingine: hofu ya kitakachokuja, wakati kule Kati wengi walikuwa wameshapitia.

Alama ya chama ilikuwa dume la ng'ombe, mbele ya jogoo wa KANU, na watu waliitikia "Dume!" mikutanoni. Kwa wafugaji na wakulima wa jembe la kukokotwa alama hiyo haikuhitaji mfasiri.

---

Mtazamo wa Pili:

Nakubali marekebisho ya Muhoroni, na nakubali kwamba foleni ya Karani inaeleza mengi ambayo mimi niliyaita ukabila tu. Lakini angalieni pia jinsi chama kilivyobadilika kadiri kilivyobanwa. Mwaka 1966 kilikuwa na wabunge kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Kufikia 1969 kilikuwa kimebaki chama cha eneo moja, si kwa sababu sera ilibadilika bali kwa sababu wengine waliondoka au walivunjwa. Kaggia mwenyewe alirudi KANU mwaka 1969. Alipoondoka, hoja ya ardhi ilipoteza msemaji wake katika mkoa ambao ndio uliokuwa na wasio na ardhi wengi.

Kilichofuata hakikuhusu ardhi hata kidogo. Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na hasira ya Waluo ikawaunganisha hata waliokuwa wafuasi wa Mboya na wale wa Odinga, watu waliokuwa mahasimu kwa miaka mingi. Viapo vya Wakikuyu vya kulinda utawala vikaanza kuliwa Gatundu, nyumbani kwa Kenyatta. Kenyatta alipokwenda Kisumu tarehe 25 Oktoba kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ambayo mpaka leo wenyeji wanaiita Russia, alirushiana maneno na Odinga jukwaani, umati ukapiga kelele za dume, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilikiri vifo kumi na moja. Wenyeji wametaja idadi kubwa zaidi tangu siku hiyo. Siku chache baadaye viongozi wa KPU walikuwa kizuizini, na tarehe 30 Oktoba chama kikapigwa marufuku. Uchaguzi wa Desemba ulikuwa wa KANU peke yake.

---

Wakili wa Mtaa:

Niongeze moja tu kuhusu tarehe hizo, kwa sababu Msomi aliuliza kama chama kilipewa nafasi ya kujaribiwa. Uchaguzi mkuu wa Desemba 1969 ungekuwa wa kwanza kwa KPU kusimamisha wagombea nchi nzima. Ule wa Juni 1966 ulihusu viti vya waliohama tu, na ule wa mitaa wa 1968 fomu zake zilikataliwa. Kwa hiyo nje ya majimbo machache, mkulima wa Kenya hakuwahi kuiona karatasi ya kura yenye dume. Hoja ya Karani kuhusu foleni inaweza kuwa sahihi kabisa, na mimi naielekea, lakini ushahidi tulio nao unatoka Kandara, Nakuru na majimbo mengine machache ya Juni 1966, chini ya vibali vya mkuu wa wilaya.

---

Msomi wa Jioni:

Nimeridhika kuliko nilivyotarajia. Nitaanza na mijadala ya bunge ya 1964 na 1965 juu ya skimu, kabla ya Limuru, kwa kuwa naona huko ndiko Kaggia alikosema mengi akiwa bado mwanachama wa KANU. Kama kuna anayejua habari za vyama vya kununua mashamba vya Nakuru katika miaka hiyo, na jinsi vilivyohusiana na KANU, nitashukuru akifungua mada yake.